Habari za siasa na mahojiano ya viongozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya hurudi kila mazungumzo yanapogusa redio, magazeti na viongozi: kwenye simu za wasikilizaji, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye mikutano ya AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima), na kwa vijana wanaosomea uandishi. Nimeyajibu kama mtu aliyefanya kazi ya redio huku Kusini na anayeumia kuona kazi hiyo inapuuzwa. Sikuyapanga kwa uzito, ila lililoulizwa kuliko yote nimelitanguliza.

Mbona redio ikitangaza bei ya korosho tunaamini, lakini ikimleta mbunge tunazima?

Bei ya korosho ina mashahidi. Mnada ukifanyika Newala au Tandahimba, wakulima wapo, viongozi wa AMCOS wanaandika, chama kikuu kinatangaza. Redio ikikosea hata shilingi kumi, simu zinaanza kulia studio kabla taarifa haijafika mwisho. Mtangazaji analijua hilo, kwa hiyo anahakiki kwa watu wawili watatu kabla ya kusoma. Halafu fedha zinaingia benki. Mkulima anachukua bei ya mnada, anatoa makato ya ushuru, usafirishaji na chama, anazidisha kwa kilo zake, na hesabu inakubali au inakataa. Msimu wa 2024, bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, hakuna aliyehitaji kubembelezwa aamini habari ile.

Sasa sikiliza mahojiano ya siasa. Mheshimiwa anasema barabara imeshatengewa fedha na zahanati itakamilika hivi karibuni. Mtangazaji anamshukuru kwa muda wake, muziki unaingia. Hakuna aliyeuliza fedha ni kiasi gani, zimo kwenye bajeti ya mwaka upi, mkandarasi ni nani, wala ahadi ileile ya mwaka juzi iliishia wapi. Msikilizaji ameachwa bila kitu cha kupimia. Akishayasikia maneno hayo msimu baada ya msimu, anahamia kwenye singeli. Simlaumu. Ametumia akili ileile anayoitumia ghalani.

Majibu mengi yanayofuata yanatoka hapa: mtu huamini habari anayoweza kuipima, na humwamini mwandishi anayerudi kuipima mbele yake.

Imani imeshuka kweli, au wazee walilalamika hivihivi?

Wazee nao walikuwa na mashaka. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam walisikiliza taarifa ya nyumbani, kisha usiku wakatafuta idhaa za nje kwenye mawimbi mafupi: BBC iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili 1957, au Deutsche Welle iliyofuata 1963. Walitaka kusikia upande wa pili.

Kilichobadilika ni matarajio. Mfumo wa vyama vingi ulirudi 1992, redio na magazeti binafsi yakaongezeka, na watu wakaamini kwamba sasa kiongozi ataulizwa. Redio zikafika hadi wilayani, zikawa na watangazaji tunaowafahamu kwa majina na kwa nyumba zao. Ndiyo maana kukatishwa tamaa kumeuma zaidi. Mtu wa mbali akikudanganya unakunja uso. Jirani yako akikaa na kiongozi saa nzima asimuulize kuhusu maji ya mtaa wenu wote wawili, unaacha kumsikiliza.

Huku Kusini mambo yaliharibika lini hasa?

Ukiwauliza watu wa Mtwara, wengi watakutajia gesi.

Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu ya watu waliandamana Mtwara mjini kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Januari 2013 kukawa na vurugu Mtwara na Masasi. Tarehe 22 Mei 2013, Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aliposoma bajeti bungeni na kuthibitisha kwamba bomba litajengwa, mji ukalipuka. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia mitaani. Miongoni mwa nyumba zilizochomwa ilikuwa ya mwandishi wa shirika la utangazaji la taifa, TBC.

Kuchoma nyumba ya mwandishi ni uovu, na nalisema hivyo kila ninapoulizwa, hata mbele ya watu wanaodhani alistahili. Yule alikuwa mfanyakazi, ana familia, na mstari wa habari haupangwi na mtu aliyeko Mtwara. Lakini lazima tuulize hasira ile ilitoka wapi. Sehemu kubwa ya habari za kitaifa siku zile ilizunguka swali moja: watu wa Mtwara wanakataaje rasilimali ya Watanzania wote? Huku mitaani maswali yalikuwa mengine. Je, vile viwanda tulivyoahidiwa vitajengwa? Ajira zitakuwa za nani? Halmashauri itapata nini, na kwa hesabu gani? Aliyeuliza hayo alijisikia akiitwa mchochezi, au mtu aliyechochewa, kama vile hana kichwa chake. Maneno "gesi haitoki" yakarushwa kila mahali. Hoja zilizokuwa nyuma yake zikabaki kijiweni.

Bomba lilikamilika, lenye kipenyo cha inchi 36 na urefu unaozidi kilomita 500, likazinduliwa Oktoba 2015. Kiwanda cha kuchakata gesi kipo Madimba. Kuna mambo yaliyotimia na kuna yasiyotimia, na yote mawili yanahesabika. Ila ni vipindi vingapi umevisikia vilivyorudi Madimba na Msimbati na orodha ya ahadi za 2013 mkononi, vikazisoma moja baada ya nyingine mbele ya wahusika? Kidonda kile kimeachwa bila kusafishwa, na kila habari mpya ya gesi inakigusa.

Na sakata la korosho la 2018? Pale vyombo vya habari viliwaangusha wakulima kweli?

Mwanzoni vilifanya kazi: wakulima walipogomea bei ndogo za mnada, sauti zao zilisikika nchi nzima. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Tangu hapo habari zikajaa malori na pongezi. Maswali ambayo mkulima yeyote wa Nanyumbu angeuliza yakachelewa sana kuulizwa hewani. Fedha zinatoka fungu gani? Uhakiki wa mashamba utachukua muda gani? Mwenye korosho ya kununua kwa kangomba, yaani kwa bei ya chini nje ya mnada rasmi, atatenganishwaje na aliyelima? Serikali ikishanunua, itamuuzia nani?

Wapo wakulima waliosubiri malipo miezi mingi, huku ada za shule na madeni ya pembejeo hayasubiri. Waliposikia redioni kwamba malipo yanaendelea vizuri na wao akaunti ni tupu, walijifunza kitu kuhusu redio ambacho hawajakisahau.

Bahasha za fedha kwa waandishi zipo?

Zipo. Kila aliyefanya kazi hii anazijua, na wananchi wanazijua pia, kwa hiyo tuzungumze wazi.

Mwandishi ambaye wengi wanamwona kwenye mkutano wa wilaya hana mshahara. Ni wa kujitegemea, analipwa kwa kila habari inayotoka, na isipotoka hakuna malipo. Simu ni yake, bando ni lake, nauli ya bodaboda ni yake. Hali hii inajulikana hadi wizarani. Mwaka 2023 Serikali iliunda kamati chini ya Tido Mhando kuchunguza uchumi wa vyombo vya habari, na kukosa mikataba ni moja ya mambo yaliyopigiwa kelele. Mtu huyu akialikwa kwenye semina, mwisho wa siku anasaini fomu na kupewa "nauli" inayozidi nauli. Nyumbani kuna watoto.

Watu hudhani ubaya wa bahasha ni kwamba mwandishi ataandika uongo. Hilo hutokea, lakini si ubaya mkubwa kuliko wote. Ubaya mkubwa ni kwamba bahasha ndiyo inayochagua habari. Uzinduzi una nauli, semina ina nauli, ziara ya Mkuu wa Mkoa ina gari na chakula cha mchana. Kijiji ambacho pampu yake imekufa hakina fungu la waandishi. Ukisikiliza taarifa za wiki nzima utadhani mkoa mzima unazindua na kukata utepe, na wewe uliyeamka saa kumi usiku kufuata maji hujisikii popote humo. Hakuna sentensi ya uongo iliyosomwa, na bado hukuambiwa ukweli wa mkoa wako.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana leo. Mwandishi aliyesafiri kwa gari la halmashauri alitamke hilo hewani. Na mhariri wa Dar es Salaam anayetaka habari za Liwale atume nauli ya kwenda Liwale.

Kile kipindi maalumu cha jioni, kiongozi anaongea saa nzima na hakatizwi. Ni mahojiano?

Mara nyingi ni muda wa hewani ulionunuliwa. Halmashauri, taasisi au mtia nia analipia, mtangazaji anapewa maswali yaliyoandikwa na afisa habari, na kazi yake ni kuyasoma kwa sauti nzuri. Kuuza muda si dhambi. Redio inalipa umeme na kodi kama biashara nyingine. Kosa ni kutosema. Msikilizaji ana haki ya kuambiwa mwanzoni, katikati na mwishoni kwamba kipindi kimelipiwa na nani. Asipoambiwa, akija kugundua, hatavitenga vile vya kulipiwa na vingine. Atavitupa vyote pamoja, hata kile ambacho kijana wa watu alikesha akikiandaa kwa uaminifu.

Kumbana kiongozi kwa maswali si utovu wa adabu? Sisi tumelelewa kuheshimu wakubwa.

Nalipenda swali hili kwa sababu linaulizwa na watu wema, na kwa sababu viongozi wamelifanya kichaka cha kujifichia.

Adabu iko kwenye namna ya kuuliza. Mpe shikamoo yake, mwite Mheshimiwa, usimkate kauli kabla hajamaliza wazo, usipaze sauti. Kisha uliza, na asipojibu, uliza tena kwa upole uleule. Chukua mfano:

– Mheshimiwa, mradi wa maji wa kata hii utakamilika mwezi gani?

– Serikali ya awamu ya sita imejipanga kuhakikisha kila mwananchi anapata maji safi na salama.

– Nashukuru, Mheshimiwa. Wananchi wanataka kujua ni mwezi gani.

– Wataalamu wetu wapo kazini usiku na mchana.

– Nimekuelewa kwamba wataalamu wapo kazini. Kwa hiyo tarehe ya kukamilika bado haijapangwa?

Hapo kiongozi ana njia mbili: ataje tarehe, au akubali kwamba haipo. Vyovyote atakavyojibu, msikilizaji amepata habari. Hakuna aliyetukanwa. Bungeni wanaliita swali la nyongeza, na wabunge wenyewe hudai kupewa nafasi ya kuliuliza. Sioni kwa nini mwananchi wa Chikongola asiwe na mtu wa kumuulizia lake.

Uingereza kuna mfano unaofundishwa hadi leo. Mei 1997, mtangazaji wa BBC Jeremy Paxman alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa amemaliza kazi ya uwaziri wa mambo ya ndani, swali moja kuhusu mkuu wa magereza, akalirudia zaidi ya mara kumi kwa sababu halikujibiwa. Wengine waliona ni ujasiri, wengine maonyesho. Mimi nachukua kitu kimoja tu: watazamaji waliondoka wakijua kwa uhakika kwamba swali halikujibiwa. Huku kwetu mara tatu zinatosha, kisha mtangazaji aseme kwa utulivu, "Mheshimiwa hajajibu hilo, tuendelee." Sentensi hiyo nimeisikia mara chache mno.

Kuna jambo jingine la kiufundi. Afisa habari akiomba maswali kabla ya mahojiano, mpe mada, usimpe maswali. Kiongozi anastahili kujua ataulizwa kuhusu elimu ili aje na takwimu zake. Hastahili kuja amekariri.

Sheria zinachangia?

Sana, na historia ya karibuni inaweza kusomwa kupitia mtu mmoja wa kwetu. Januari 2016 Nape Nnauye, mbunge wa Mtama na waziri mwenye dhamana ya habari, alitangaza kwamba TBC itaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama. Mkulima wa Nachingwea aliyezoea kumsikia mbunge wake akisimama, au akisinzia, akabaki na muhtasari uliopangwa na wengine. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Huduma za Habari, iliyomwachia waziri na maofisa wake nguvu kubwa juu ya magazeti. Machi 2017 Nape huyohuyo aliunda kamati kuchunguza kitendo cha mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam kuingia kwenye studio za kituo cha utangazaji cha Clouds akiwa na askari wenye silaha. Mara baada ya kupokea ripoti, akaondolewa uwaziri. Magazeti ya Mawio, Mseto, MwanaHALISI na Tanzania Daima yakafungiwa kwa nyakati tofauti. Februari 2022, Nape akiwa amerudi wizarani, ndiye aliyeyarudishia leseni.

Angalia kinachoonekana hapo. Milango ilifungwa na kufunguliwa kwa kutegemea nani amekaa kwenye kiti na upepo wa siku hiyo. Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria ile vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na marekebisho ya 2023 yamelegeza baadhi. Hata hivyo Oktoba 2024 leseni ya maudhui ya mtandaoni ya kampuni ya magazeti ya Mwananchi ilisimamishwa kwa siku 30. Mhariri anayejua hivyo hahitaji kupigiwa simu. Anakata mwenyewe. Na msomaji, ambaye haoni kilichokatwa, anaonja tu kwamba chakula hakina chumvi.

Waandishi wanaogopa?

Ndiyo. Barabara yetu ya kwenda Dar es Salaam inapita Kibiti. Hapo ndipo alipotoweka Azory Gwanda, Novemba 2017, mwandishi aliyekuwa akiandikia Mwananchi kuhusu mauaji yaliyokuwa yakitokea eneo hilo wakati ule. Hajaonekana tena. Kila mwandishi wa Kusini anayepita pale kwa basi anamkumbuka. Unapomwambia mwandishi wa wilayani kwamba ni mwoga, ongeza kujiuliza nani angemtetea.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hawana matatizo haya, sivyo?

Wanayo, na mengine ni makubwa kuliko yetu. Kampuni ya Gallup imekuwa ikiwauliza Wamarekani kuhusu imani yao kwa vyombo vya habari tangu miaka ya 1970. Mwaka 1976, asilimia 72 walisema wanaviamini sana au kwa kiasi cha kutosha. Mwaka 2025 walibaki asilimia 28. Hawa hawana waziri wa kufungia magazeti, kwa hiyo tusidhani sheria ikirekebishwa imani itarudi yenyewe.

BBC, ambayo wazee wetu waliiamini kuliko redio ya nyumbani, imejeruhiwa na mahojiano na uhariri wake yenyewe. Mwaka 1995 Martin Bashir alimhoji Binti Mfalme Diana, mahojiano yakatikisa dunia. Mwaka 2021 uchunguzi wa jaji mstaafu Dyson ukathibitisha kwamba Bashir alitumia nyaraka za benki za kughushi ili kufika kwa Diana, na kwamba shirika halikulishughulikia jambo hilo kwa uwazi uliotakiwa. Miaka 26 ilipita. Novemba 2025, mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness wakajiuzulu baada ya kubainika kwamba kipindi cha Panorama kiliunganisha vipande viwili vya hotuba ya Donald Trump ya 6 Januari 2021, vilivyotamkwa kwa kupishana karibu saa nzima, vikasikika kama sentensi moja.

Nayataja haya kwa vijana wanaodhani kosa likifunikwa linakufa. Pia nayataja kwa sababu wale wakubwa walijiuzulu. Huku kwetu sikumbuki mhariri aliyeondoka kwenye kiti kwa sababu kipande kiliunganishwa vibaya.

Nitajuaje kwamba klipu ya kiongozi imekatwakatwa?

Sikiliza pumzi na sauti za nyuma. Kama watu walikuwa wanashangilia na ghafla kukawa kimya katikati ya sentensi, pamekatwa. Kama picha inaruka, au wanaweka picha ya hadhira pale hasa penye neno zito, shuku. Kisha tafuta hotuba nzima kabla ya kusambaza.

Ila kiongozi naye asijifiche nyuma ya "wamenikata". Julai 2024 kauli ya Nape kuhusu mbinu za kushinda uchaguzi, aliyoitoa Bukoba, ilisambaa kwa klipu fupi. Alisema ulikuwa utani. Siku chache baadaye uteuzi wake ulitenguliwa. Dawa ya mabishano kama yale ni chombo cha habari kuweka rekodi nzima mahali ambapo kila mtu anaweza kuisikiliza. Redio ndogo inaweza kufanya hivyo bila gharama kubwa, na ningependa kila mahojiano ya siasa ya Mtwara na Lindi yawekwe mazima.

Si bora tufuate mitandao tu? WhatsApp na TV za mtandaoni zinasema yote.

Zinasema mengi. Nyingine zimefanya kazi ambayo redio ziliogopa, na nawashukuru. Lakini uchawa, yaani kujipendekeza kwa wanasiasa, umehamia huko kwa nguvu zote: kijana ana kipaza sauti na kamera, swali lake la kwanza ni "Mama anaupiga mwingi, unasemaje?", na kuna chawa wa kila upande, wa chama tawala na wa upinzani. Wote wanataka uitikie.

Na mtandao unazimwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Tetesi zikapita kwa simu za kawaida, kila aliyepokea akiongeza lake, na hakukuwa na chombo cha karibu ambacho wengi wangekitegemea kuwaambia hili ni kweli, hili bado hatujalithibitisha. Siku kama zile ndizo zinazoonyesha thamani ya mtangazaji anayeaminika, na imani hiyo haijengwi usiku mmoja mtandao ukiwa umezimwa.

Redio ya dini au gazeti la chama, niviamini?

Visikilize ukijua mwenye nyumba ni nani. Ninaogopa zaidi chombo kinachoficha mwenyewe.

Nimenukuliwa vibaya. Nifanye nini?

Andika tarehe, saa na jina la kipindi siku hiyohiyo, kabla hujasahau. Omba rekodi. Mwandikie mhariri kwa barua au ujumbe ulionyooka: nilisema hivi, mmetangaza vile, naomba masahihisho yatoke kwa uzito uleule. Mara nyingi inaishia hapo. Isipoishia, peleka malalamiko Baraza la Habari Tanzania, chombo kilichoundwa na wanahabari wenyewe miaka ya 1990, ambacho husuluhisha bila wewe kuhitaji wakili. Kwa redio na televisheni, kuna pia kamati ya maudhui ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ila kumbuka kwamba hiyo ina mamlaka ya kutoza faini na kufungia, na mimi binafsi sipendi redio ya wilaya ifungiwe kwa kosa ambalo masahihisho ya dakika mbili yangelimaliza.

Nawaomba wahariri pia: masahihisho yasomwe saa ileile kosa liliposomwa. Kosa la taarifa ya saa mbili usiku halisahihishwi saa nane mchana watu wakiwa shambani.

Kiongozi amekataa kuhojiwa. Habari imekufa?

Hapana. Sema hewani kwamba alipigiwa simu siku gani, akatumiwa maswali gani, na hakujibu. Halafu soma nyaraka. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais kila Machi na huwekwa wazi baada ya kufika bungeni, na halmashauri zetu zimo humo, kwa majina na kwa kiasi. Mkurugenzi anaweza kuzima simu. Hawezi kuuzima ukurasa.

Mimi si mwandishi. Naweza kuuliza mwenyewe?

Unaweza, na ni haki yako kisheria. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwenye taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: shule yetu ilipokea shilingi ngapi za ujenzi wa madarasa mwaka huu wa fedha, na zimetumikaje? Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukijibiwa, peleka jibu redioni. Usipojibiwa, peleka nakala yenye muhuri, kwa sababu ukimya wenye tarehe ni habari.

Vikundi vya wasikilizaji vinaweza kuifanya kazi hii kuliko mtu mmoja. Akina mama hasa: ndio wanaofuata maji, ndio wanaopanga foleni zahanati, na ndio wanaoitwa mara chache zaidi kwenye vipindi vya siasa.

Mimi ni mwandishi kijana, nipo Masasi, sina gari wala mshahara. Nianze na nini ili watu waniamini?

Nunua daftari. Kila kiongozi akitoa ahadi mbele yako, andika maneno yake, tarehe, mahali, na siku aliyosema itatimia. Siku hiyo ikifika, mpigie.

Chagua jambo moja kubwa ulifuate miaka. Mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika pale Likong'o, Lindi, unafaa. Watu wa huko wamekuwa wakiusikia kwa zaidi ya miaka kumi. Juni 2022 makubaliano ya awali yalisainiwa kati ya Serikali na kampuni za Equinor na Shell, na mabilioni ya dola yakatajwa kwenye kila taarifa. Wewe rudi huko kila Juni. Uliza TPDC, shirika la petroli la taifa, uliza kampuni, uliza viongozi wa Likong'o na watu waliopisha ardhi: kimefanyika nini tangu mwaka jana, nani amelipwa, hatua inayofuata ni ipi na lini? Yatangaze majibu yao pamoja na yale ya mwaka uliopita, ukitaja tarehe zote mbili, hata mwaka ambao hakuna kilichobadilika.